Barua ya wazi kwa viongozi wa Tanga: tunaomba pa kupimia mafuta

Kwa Mheshimiwa Mkuu wa Mkoa wa Tanga, Mstahiki Meya wa Jiji letu, na wakubwa wote wenye dhamana ya viwanda, viwango na utafiti,

Shikamooni nyote mlionizidi umri, waliobaki, salaam.

Siku hizi mtu akitaja mafuta hapa Tanga, shingo zote zinageukia Chongoleani, linakoishia bomba la mafuta ghafi kutoka Uganda. Nami nalifurahia bomba kama mwananchi mwingine. Kilomita 1,443 kutoka Hoima si mchezo. Lakini mafuta yaliyonifanya nishike kalamu ni mengine: ya nazi, ya mawese, ya mbegu za msituni, ya ini la papa. Wanakemia huyaita lipidi. Nimefundisha kemia sekondari miaka mingi kabla ya kustaafu na kuanza kupika sabuni uani kwangu Ngamiani, kwa hiyo mtanisamehe nikiingiza ubao na chaki humu ndani.

Ombi langu ni moja, nalisema mapema ili mwenye haraka asipate tabu. Tunaomba maabara ndogo ya kupimia mafuta hapahapa Tanga, ambayo mtu mwenye dumu moja anaweza kuingia asubuhi na kutoka na jibu kabla mafuta hayajachacha. Mengine yote yaliyomo humu ni maelezo ya kwa nini.

Mwaka juzi nilipata oda ya vipande 300 vya sabuni kutoka nyumba moja ya wageni huko Pangani. Walitaka sabuni ya nazi tupu, vipande vidogo vya kulazwa juu ya taulo, vimefungwa kwa ukili. Nikanunua madumu mawili ya mafuta ya nazi kwa mtu niliyezoeana naye. Yalipendeza machoni, na yalinukia mpaka jirani akachungulia ukutani kuuliza leo kuna wali wa nani.

Sasa, kila aina ya mafuta ina kiasi chake cha kostiki, yale magadi makali yanayogeuza mafuta kuwa sabuni. Kilo moja ya mafuta ya nazi hula gramu 183 hivi za kostiki soda ili yote yageuke sabuni. Kilo ya mawese hutosheka na gramu 141 au 142. Siri iko kwenye urefu wa minyororo ya kaboni iliyomo ndani yake, ile iitwayo asidi za mafuta: molekuli za mafuta ya nazi ni fupi na nyepesi, hivyo kilo moja hubeba nyingi zaidi, na kila molekuli inadai fungu lake. Mimi huwa napunguza kidogo, nikatia gramu 174 kwa kilo, ili yabaki mafuta machache ya kulainisha ngozi. Nikakoroga, nikamimina kwenye vibao, nikakata, nikapanga rafuni.

Baada ya wiki nne nikafanya kile kipimo chetu cha ulimi. Unagusa sabuni kwa ncha ya ulimi. Ikiwa imeiva, unaonja sabuni basi. Ikiwa kostiki imezidi, inakupiga kama umelamba betri. Ilinipiga. Nikachukua kipande cha pili, cha tano, cha kumi, yaleyale. Juu yake palikuwa pamechomoza ungaunga mweupe kama chumvi inayotoka kwenye kuta za nyumba zetu za pwani. Nikanawia kipande kimoja kusudi, vidole vikawasha mpaka jioni.

Ilikuwa Julai. Usiku wa Julai hapa joto hushuka hadi nyuzi 20 au 21, na mafuta safi ya nazi huanza kuganda kwenye nyuzi 24 hivi. Nikatia mabaki ya dumu kwenye glasi, nikaiweka dirishani, na pembeni yake nikaweka glasi ya mafuta niliyoyatoa mwenyewe kwenye tui. Asubuhi yangu yalikuwa meupe na magumu, ukichomeka kijiko kinasimama. Ya kununua yalikuwa kama uji wa mgonjwa. Kwa jinsi yalivyoganda na kwa jinsi kostiki ilivyobaki, mimi nasema mle ndani mlikuwa na mawese yaliyochujwa, labda nusu kwa nusu. Mchanganyiko wa namna hiyo ungetaka gramu 162 tu kwa kilo. Nami nilitia 174.

Lakini "mimi nasema" haimtoshi mteja. Mteja anataka karatasi. Muuzaji wangu aliapa viapo vyote vya dini mbili kwamba mafuta ni ya nazi, na inawezekana kabisa naye aliuziwa. Nikaifunga chupa kwa kipande cha kanga, nikampa kondakta wa basi la Dar es Salaam, kilomita 350 hivi, iende kwenye maabara moja ambayo sitaitaja. Wakataka barua ya utambulisho, ikaenda. Wakataka malipo kwa kila kipimo, nikalipa. Majibu yalikuja wiki ya saba yakiwa na muhuri mzuri wa bluu: unyevu kiasi hiki, asidi huru (iliyokatika kutoka kwenye mafuta) kiasi hiki. Swali langu, kwamba haya ni mafuta gani, halikujibiwa, maana kwenye fomu yao halikuwa na kisanduku. Wakati huo mwenye nyumba ya wageni alikwishaagiza kwingine. Nasikia sabuni aliyoipata inatoka nje ya nchi na ina picha ya mnazi.

Kinachoniuma zaidi ya fedha ni hiki: kipimo ambacho kingenijibu si cha ajabu. Unapasha gramu mbili za mafuta pamoja na potasi iliyopimwa, ndugu ya kostiki soda, kisha unatitresha, yaani unadondoshea asidi tone kwa tone, kujua potasi kiasi gani imeliwa. Mafuta ya nazi hula miligramu 248 hadi 265 kwa gramu. Mawese hula 190 hadi 209. Hazikaribiani hata kidogo. Nimewafanyisha kazi hii wanafunzi wa kidato cha sita kwa bureti na chupa za kawaida. Nyumbani sina mizani ya kupima sehemu ya elfu ya gramu, na hata ningekuwa nayo, karatasi ya mpika sabuni aliyejipimia mwenyewe haina thamani mbele ya mnunuzi.

Naomba mniruhusu nitoke uani kwangu, kwa sababu jambo hili ni kubwa kuliko vipande 300.

Pitieni Mgandini kwenye maduka ya malighafi za sabuni. Akina mama na vijana wetu wa sabuni ya maji wananunua sulfoniki, slesi na CDE kwa vikopo. Ile slesi inayowapa povu, mkia wake kwa kawaida ni mnyororo wa kaboni 12, na duniani mnyororo huo hutoka kwenye nazi, kwenye kokwa la mchikichi, au huundwa kutokana na petroli. CDE nayo hutengenezwa kwa mafuta ya nazi, na ile C ya mwanzo ni nazi yenyewe kwa Kiingereza. Karibu nusu ya mafuta ya nazi ni asidi ya lauriki, hiyohiyo ya kaboni 12. Mama wa Makorora anakoroga ndoo yake kwa nazi iliyokwenda kiwandani Asia, na mnazi umesimama nyuma ya choo chake. Watani hutuambia Tanga waja leo waondoka leo. Nazi zetu ndizo zilizolishika neno hilo: zinafuliwa asubuhi, jioni ziko kwenye lori.

Sisemi kesho tujenge kiwanda cha slesi. Kinahitaji mitambo na mtaji ambao hata kuuandika hapa ni mzaha. Ila kuna ngazi za chini ambazo tungezipanda, na zote zinaanza na kujua kilichomo ndani ya dumu. Asilimia 14 hivi ya mafuta ya nazi ni asidi fupi za kaboni 8 na 10, ambazo hutengwa na kuuzwa kwa ajili ya lishe ya wagonjwa wasioweza kusaga mafuta ya kawaida, na kwa wanamichezo. Mnunuzi wa bidhaa kama hiyo hakuulizi mafuta yananukiaje. Anauliza asidi huru ngapi, peroksaidi (dalili ya kuanza kuchacha) ngapi, unyevu kiasi gani, na mbata ilikaushwa kwa jua au kwa moshi. Mbata isiyokauka vizuri, ile inayozidi asilimia 6 au 7 ya unyevu, huota ukungu. Ukungu huleta sumukuvu na huyakata mafuta yakaanza kuonja sabuni kabla hayajapikwa sabuni. Mkulima wa Kigombe hawezi kuliona hilo kwa macho.

(Hapa niseme kitu ambacho hakitanipatia wateja. Msinywe mafuta ya nazi kwa vijiko mkitafuta tiba ya kila ugonjwa. Zaidi ya asilimia 80 ya asidi zake ni zile ziitwazo shibe, na nyingi kati ya hizo hupandisha lehemu mbaya kwenye damu. Wali wa nazi Ijumaa hauna kesi.)

Na si chakula na sabuni peke yake. Mafuta ya mimea yanatiwa ndani ya transfoma badala ya yale ya petroli, kwa sababu yanashika moto kwa shida zaidi na yakimwagika yanaozea ardhini. Sri Lanka watafiti wao wamejaribu hata ya nazi. Vijana wetu wanaoiba mafuta ya transfoma wakakaangie chipsi wangekuwa angalau wanatulisha kitu kinacholika. Natania, lakini si sana.

Watu wa mwambao huu hawakuanza jana kucheza na mafuta. Mafundi wa majahazi walichanganya chokaa na shahamu wakapata deheni, wakaipaka chini ya chombo. Chokaa ikikutana na mafuta huzaa sabuni isiyoyeyuka majini, ndiyo maana deheni haikuoshwa na bahari. Juu ya mbao wakapaka sifa, mafuta ya ini la papa. Ndani ya sifa kuna kitu kinaitwa skwaleni, ambacho viwanda vya vipodozi hukitia kwenye krimu za bei kali, na watengenezaji wa chanjo hukitumia kuamsha kinga ya mwili. Papa wamepungua, wateja wakalalamika, na sasa baadhi ya viwanda vinakitoa kwenye zeituni au kwenye hamira inayolishwa sukari ya miwa. Fundi wa Tongoni alikuwa na malighafi mkononi. Aliyejua jina lake na bei yake alikuwa mbali.

Hadithi ya pili iko juu ya mlima wetu wenyewe, na hii ndiyo inayoninyima usingizi.

Mwaka 1902 Wajerumani walianzisha kituo cha utafiti cha Amani, Usambara Mashariki. Mwaka huohuo, kwao Ujerumani, mkemia Wilhelm Normann aliomba hataza ya njia ya kugandisha mafuta ya maji kwa kuyapitishia haidrojeni. Dunia ikapata majarini na mafuta magumu ya kukaangia kwa bei nafuu. Ikapata pia mafuta ya transi, yanayozaliwa kazi hiyo ikiishia njiani, na ambayo baadaye yalithibitika kuziba mishipa ya moyo. Mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani likazitaka nchi zote ziyaondoe kwenye chakula kabla ya mwisho wa 2023, yasizidi gramu 2 katika kila gramu 100 za mafuta.

Kituo kilikuwa katikati ya msitu wa misambu. Msambu ni mti wetu. Hauoti porini nje ya Tanzania. Unatoa tunda kubwa la kahawia lenye mbegu ndani ya ute, na takriban nusu ya uzito wa mbegu ni mafuta. Mafuta hayo ni magumu yenyewe, bila haidrojeni ya mtu yeyote. Zaidi ya nusu ni asidi ya steariki, na iliyobaki karibu yote ni ya oleiki, ile ya zeituni. Yameumbwa yakiwa yameganda kwenye joto la chumba na kuyeyuka karibu na joto la mwili, jambo ambalo mtengeneza majarini na mtengeneza chokoleti hulitafuta kwa taa. Wenyeji wa kule waliyatumia jikoni tangu zamani. Viwanda vya Ulaya vilikuja kuyachangamkia karne hii: kampuni ya Unilever na washirika wake wakaanza kununua mbegu Muheza, na mwaka 2008 Umoja wa Ulaya ukayaruhusu mafuta hayo kwenye siagi za kupaka. Karne nzima na ushei watu waligandisha mafuta kwa mitambo, na ya kuganda yalikuwa yanadondoka chini ya mti.

Najua msambu si mahindi. Ukiupanda kwa mbegu unangoja miaka kumi au zaidi, na uko dume na jike, usijue umepanda lipi mpaka utoe maua. Watafiti wamekwishaonyesha kwamba miche ya kubebesha inafupisha ngoja hiyo na kukuhakikishia jike. Ninachouliza ni kwamba yule mama wa Amani anayeokota mbegu, ambaye anajua tunda limeiva kwa kulisikia linaanguka, atapimiwa wapi mafuta yake? Nani atamwambia, kwa karatasi, kwamba yana steariki asilimia kadhaa, ili asiuze kwa debe kitu kinachouzwa kwingine kwa asilimia?

Wakubwa wangu, tulipochanjwa wakati wa korona, baadhi ya chanjo zile zilifika kwenye seli zetu zikiwa zimefungwa ndani ya vitone vidogo mno vya mafuta. Ujumbe wa chanjo, ile mRNA, ni kitu dhaifu. Ukiuchoma mtupu mwili unauvunja mara moja. Ukaviringishwa kwa lipidi za aina nne. Moja ni lehemu, hiyohiyo tunayoogopeshwa nayo hospitali. Nyingine, iitwayo DSPC, ina mikia miwili, na yote miwili ni asidi ya steariki. Ndiyo, ile ya msambu. Sidai kwamba mbegu za Muheza kesho zitakuwa chanjo. Usafi unaotakiwa huko ni wa daraja jingine kabisa. Nasema tu kwamba elimu ya mafuta imeondoka kwenye sufuria ikaingia kwenye dawa, na mwanafunzi wa Tanga anayeisoma hana mahali pa kuishika kwa mikono.

Na kwingine hawatungoji. Kuna kampuni Marekani zinafuga hamira kwenye matangi ili itoe mafuta yanayofanana na mawese. Siku hamira hiyo itakapokuwa rahisi, mafuta yasiyo na jina wala cheti ndiyo yatakayokosa soko kwanza. Minazi yetu nayo imezeeka, na kunyong'onyea kunaimaliza. Wataalamu wa kituo cha utafiti wa kilimo cha Mikocheni, Dar es Salaam, wamehangaika na ugonjwa huo tangu mpango wa taifa wa minazi ulipoanza mwaka 1979. Mkulima atapanda upya ikiwa nazi ina bei. Bei ya kokwa kwenye lori anaijua, na haimshawishi.

Basi nirudi kwenye ombi. Hatuombi jengo. Vyuo na shule zenye vyumba vya maabara vinavyolala nusu ya wiki vipo ndani ya jiji hili. Kinachotakiwa ni mizani nzuri, oveni ya kukaushia, bureti, jokofu, kemikali zinazonunuliwa kwa wakati, na mafundi sanifu wawili wanaolipwa mshahara wao. Waanze na vipimo vinne: unyevu, asidi huru, peroksaidi, na kiasi cha kostiki kinacholiwa. Bei ibandikwe mlangoni kwa herufi kubwa. Mashine ya kromatografia, inayotenganisha asidi moja moja na kukupa jina la kila iliyomo, ni ghali. Hiyo ije baadaye, itumike na kanda nzima, hata wa alizeti wa Singida walete chupa zao. Na kubwa kuliko vyote, wakubwa wa viwango muikubali karatasi itakayotoka hapo, isije ikawa tunapimwa Tanga halafu tunaambiwa tukapimwe tena Dar.

Mtaniambia bajeti. Nimekaa kwenye vikao vya shule, neno hilo nalifahamu vizuri. Lakini mkoa huu umepata nafasi ya kupokea mafuta ya watu wengine, yenye nta nyingi mpaka bomba lake lazima lipashwe moto njia nzima yasigande. Mkilipasha moto bomba la kilomita 1,443, mnaweza kununua oveni moja ya kukaushia gramu tano za mbata.

Na kama kuna kijana ofisini kwenu aliyesoma kemia, mpeni barua hii aihakiki. Hesabu za kostiki ziko sawa. Nimezirudia mara tatu, mara ya mwisho kwa kalamu nyekundu.

Dumu la pili sikulipikia. Lipo chini ya ngazi, nimelibandika karatasi yenye tarehe niliyonunua, na mume wangu ameonywa asilitie kwenye taa wala kwenye baiskeli. Mlango wa maabara hiyo ukifunguliwa nitafika nalo kwenye bajaji. Nitachukua pia chupa ya mafuta yangu ya tui, ya kulinganishia.

Wenu,
Mwalimu mstaafu na mpika sabuni,
Ngamiani, Tanga